Kisu Alichokisifu Mama

Ibra, 20 Aprili 1983

Kaka Khalaf,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Ghalia na watoto, na nyumba yenu ya mtaa wa Aija imeshapakwa chokaa. Sie huku wazima. Shemeji yako Zuhair anakwenda wizarani kwake asubuhi na kurudi mchana na njaa. Amur kaanza kusoma, Kaltham hataki kuoga, na Sleyum anaota meno, halali wala halazi. Mama anakusalimu sana. Goti lake limetulia, ila anasema kalamu yako nzito.

Nakuandikia kwa habari ya kisu. Kile alichotoka nacho Mama Unguja kimekwisha, kimenolewa mpaka kimebaki kama ukucha. Jana nimeletewa jodari, basi ile haikuwa kukata, ilikuwa kusaga. Kisu kinateleza juu ya ngozi, nikakandamiza, utumbo ukapasuka ukanimwagikia mpaka kwenye kiwiko, na mtoto yuko kiunoni analia. Nilitapika kwenye karo. Halafu nikanawa nikarudi kumalizia, maana nani mwengine.

Jirani yangu Fawziya ana kisu cha Kijapani, chembamba kama karata. Nyanya iliyoiva haijui kama imekatwa. Lakini alikipiga kwenye mfupa wa mbuzi kikamegeka makali. Wewe unauza vya Kijapani na vya Kijerumani, basi nichagulie. Kumbuka jiko letu ni la samaki siku nyingi na nyama siku za wageni, na Mama bado anapenda kukata mwenyewe akiwa amekaa.

Mdogo wako,
Radhia

Sur, 3 Mei 1983

Mdogo wangu Radhia,

Marahaba. Sisi wazima. Chokaa bado, fundi anakuja siku anayojisikia. Ghalia anasema umwandikie unavyopika visheti, vyake vinatoka kama kokoto.

Nimecheka na huo utumbo. Bi Kinyaa wangu hujabadilika. Ulipokuwa mdogo ukinusa kila kijiko kama paka, Baba akisema huyu atakufa na njaa sahani iko mbele yake.

Sasa msikilize mwenye duka. Kijapani ni kisu cha mtu mwenye nafasi. Kinakata vizuri mno, siwezi kusema uongo, lakini hakitaki mfupa, hakitaki kupindwa, hakitaki kuachwa na maji ya ndimu, na kukinoa kunataka jiwe na subira. Wewe subira unayo, jiwe huna, na nafasi ndiyo huna kabisa. Kijerumani ni kizito, kinashuka chenyewe. Kikikutana na mfupa kinagonga kinapita. Makali yakilala unayapitisha kwenye chuma chake cha kunolea yanaamka. Kwa nyumba ya watoto watatu na Mama, Kijerumani, wala usifikiri mara ya pili.

Nimekuchagulia kilicho bora katika vyote nilivyo navyo. Atakuletea Hashil wa teksi. Ni zawadi yangu kwa Mama. Kabla ya kukitumia kisugue kwa udongo na maji, ukioshe na ukioshe tena, vitu vya dukani vinakaa na vumbi. Na ukikipenda wape habari wanawake wa mtaani, ninavyo vyengine.

Kaka yako,
Khalaf

Ibra, 19 Mei 1983

Kaka Khalaf,

Shikamoo. Kisu kimefika salama, Hashil kakileta mpaka mlangoni na hakutaka hata kahawa. Sleyum alikuwa na homa wiki nzima, sasa kapoa. Kaltham kaoga.

Mama alikipima kisu mkononi, akakata kitunguu kimoja, akakata na cha pili. Halafu akasema, "Tangu nitoke Darajani sijashika kisu kama hiki." Sasa kila akimaliza anakifuta, anakifunga kwenye kitambaa, na Amur haruhusiwi hata kukitazama. Anapokata nyama anakutaja. Kila tonge unatajwa wewe, mpaka Zuhair anauliza kama mbuzi ulimnunua wewe pia.

Wanawake watano wanataka, akiwamo Fawziya. Walikuwa wanasitasita, miye ndiye niliyewaambia kaka yangu hauzi kibovu. Basi lete vitano.

Lakini hebu nieleze. Boksi lina maandishi ya Kijapani na kisu ni cha Kijerumani. Na tumbo la kisu limeliwa kidogo, kama kilichokwisha kunolewa na mtu. Na kwenye mpini, pembeni mwa misumari, kuna rangi ya njano iliyokwanguliwa. Ni rangi gani hiyo? Kukiosha nilikiosha kwa sabuni. Udongo sikuwahi, mtoto alikuwa anaungua.

Mdogo wako,
Radhia

Sur, 28 Julai 1983

Mdogo wangu Radhia,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Ramadhani imetupita mbio, halafu Sikukuu, halafu Ghalia kaumwa jino. Sasa tuko sawa, na upande mmoja wa nyumba umepata chokaa.

Hashil anakuletea visu vitano. Waambie wenzio chuma cha Kijerumani hakishiki kutu upesi, na mpini wake hauingii maji kama ule wa mti wa Kijapani. Habari ya boksi usijali, yale ya Kijerumani yalilowa ghalani. Visu vizuri vinanolewa huko huko kwao kabla ya kuuzwa, ndiyo maana umeona tumbo limeliwa.

Nimefurahi Mama kukipenda. Mwambie ni haki yake.

Kaka yako,
Khalaf

Ibra, 24 Septemba 1983

Kaka Khalaf,

Shikamoo. Sikukuu ya Mfunguo Tatu imepita, watoto wamevaa, wamekula, wameumwa matumbo. Mama anakuombea kheri. Hiyo ndiyo salamu, mkono wangu leo haunipi nyengine.

Siku ya kwanza tulichinja. Wanawake wote watano walikuja kukatia nyama ya shuwa uani kwetu. Visu sita vya duka lako vilikuwa vikienda pamoja, nikasema moyoni lau kaka yangu angeona. Tukaipaka nyama viungo, tukaifunga kwenye mifuko ya ukindu, ikashushwa kwenye shimo la makaa pamoja na ya majirani.

Nadhir, mume wa Fawziya, ana kazi Maskat na huja siku za sikukuu tu. Siku ya pili alishika kisu cha mkewe akate mishkaki. Akakigeuza, akatazama mpini, akakiweka chini. Akaenda kunawa mikono, akanawa mno. Halafu akaja kumwita Zuhair nje. Zuhair ndiye aliyeniambia, nikiosha masinia. Nadhir zamani alikuwa akiendesha gari la maji kwenye kambi ya Wajerumani waliokuwa wakijenga barabara, kambi iliyofungwa mwaka juzi. Jikoni kwao visu vilikuwa mafungu mawili. Vya nguruwe vilitiwa pete ya rangi ya njano kwenye mpini, ili wapishi Waislamu wasivishike.

Nilikwenda nikakifungua kitambaa cha Mama. Nikakwangua kwa kucha pembeni mwa msumari. Kucha ikatoka na njano.

Siku ya tatu shimo lilifunguliwa, harufu ikajaa mtaa mzima, watu wanaitana. Mama alikuwa akimtafunia Sleyum nyama. Anaitafuna mpaka inalainika, anaitoa kinywani mwake, anaitia kinywani mwa mwanangu. Nilisimama nikatazama. Miye kula sikuweza. Nikawaambia tumbo.

Nadhir kaahidi hatamwambia mtu mpaka wewe ujibu. Kisu cha mkewe kakificha. Fawziya anakitafuta mpaka leo, anamsingizia mbuzi.

Nataka jibu moja tu. Visu hivi umevitoa wapi?

Radhia

Sur, 20 Oktoba 1983

Mdogo wangu Radhia,

Marahaba. Barua yako nilipewa dukani mbele ya watu, nikaisoma nyuma ya mlango. Ghalia hajui kitu.

Basi nikwambie. Kambi ilipofungwa vitu vyao vilipigwa mnada, nikanunua sanduku la vyombo vya jikoni. Mpishi wao aliniambia habari ya rangi. Miye niliona nini? Chuma ni chuma, kinaoshwa. Nimemwuliza mwalimu wetu hapa, sikumtajia jina la mtu, kasema kikishaoshwa vizuri kimetwaharika, watu watumie. Sasa jambo lililokwisha kwa maji wewe unataka kulifufua kwa maneno. Uwatapishe wanawake watano kwa kitu walichokwisha kukila? Uone watafurahi.

Na duka unalijua. Tangu lifunguliwe lile duka kubwa lenye kiyoyozi, watu wanapita kwangu kunisalimu tu, wanakwenda kununua kule.

Nitaleta Kijapani sita, vipya, navifungua mbele yako. Tuseme ni mtindo mpya, kila mtu abadilishe, hivyo vya zamani nikavitupe mbali. Mama asiambiwe. Moyo wake si wa kubeba haya. Nakuomba, katika hili usiwe Bi Kinyaa.

Kaka yako,
Khalaf

Ibra, 25 Oktoba 1983

Kaka Khalaf,

Shikamoo. Mama mzima, anauliza mbona barua za kwako sasa namsomea nusu. Sleyum ametoa meno mawili ya juu.

Umeniandikia habari za mnada na mwalimu na kiyoyozi. Hukuniandikia mpishi alikwambia lini, kabla hujatuletea kisu au baada. Nikaona labda umesahau. Nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya, Sleyum ananyonya. Ile ya Mei inasema nikisugue kwa udongo na maji, nikioshe na nikioshe tena. Kwa ajili ya vumbi.

Kaka, nani anaosha kisu kipya kwa udongo?

Ulijua. Ulijua tangu siku ya kwanza, ukaikwangua hiyo rangi kwa mkono wako, ukakitia kwenye boksi la watu, ukampelekea mama yako zawadi. Halafu kazi ya kututwaharisha ukaniachia miye, bila ya kuniambia nimepokea nini. Na miye nilikuwa na mtoto anaungua mikononi, nikakipitisha kwenye sabuni basi. Na wale watano? Barua ya visu vyao haina udongo. Hata vumbi haina.

Nguruwe maji yatamwosha, najua, sina ubishi na mwalimu wako. Kinachonitia kinyaa ni hicho kijineno chako cha vumbi. Kila nikikikumbuka mate yananijaa kinywani kama yule jodari wa siku ile. Naona kinyaa kuigusa karatasi yenyewe, na imeandikwa na kaka yangu.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo miye nikikataa kula? Ukivuta sahani yangu, ukionja mbele yangu, ukisema, "Safi hii, kula." Nikila. Nilikiamini kinywa chako kuliko pua yangu. Ndiyo maana niliwaambia wanawake wa mtaani kaka yangu hauzi kibovu. Walinunua kwa jina langu, Khalaf, si kwa jina la Ujerumani.

Njoo Ibra. Umwambie Mama, kisha uwaambie hao watano kwa kinywa chako. Nadhir hatangoja milele, wala miye. Nikisema miye watasema Khalaf mwizi. Ukisema wewe watakasirika, watanuna, kisha watasema Khalaf alikosea akaja. Nakutakia hilo la pili, kwa sababu wewe ni kaka yangu na watoto wangu wanakuita mjomba.

Radhia

Sur, 8 Novemba 1983

Mdogo wangu Radhia,

Marahaba. Sisi wazima. Chokaa imekwisha, nyumba inameremeta.

Nitakuja Ijumaa ya wiki ijayo na Kijapani sita. Kusema sikuahidi. Nitavibadilisha, na hilo ni zaidi ya anavyofanya mfanyabiashara yeyote. Pika tule pamoja, tuzungumze kama ndugu. Mwambie Mama nimeutamani wali wa nyumbani.

Kaka yako,
Khalaf

Ibra, 20 Novemba 1983

Kaka Khalaf,

Shikamoo. Natumai ulifika salama, maana uliondoka mbio na mvua ilikuwa inatishia kuijaza wadi, ule mto mkavu. Watoto wanauliza mbona mjomba hakungoja chai.

Wanawake wamevipenda visu vya Kijapani. Ulimtuma Amur na boksi kila mlango, wewe umekaa garini, ukamwagiza aseme ni mtindo mpya, wakakurudishia vile vya zamani wakakuombea dua. Fawziya kanambia, "Kaka yako ana moyo mkubwa, kisu changu kimepotea na bado kanipa." Nilimtazama mdomoni, nikashindwa kumtazama machoni. Nadhir, aliyekuja kwa Sikukuu ya Taifa, alikuwa nyuma yake kwenye kivuli cha mlango. Alitema mate chini akaingia ndani.

Mama peke yake ndiye aliyekataa kubadilisha. Uliona mwenyewe alivyokikumbatia kitambaa, akasema, "Hiki kanipa mwanangu, siachi." Ukatazama ukuta.

Sasa nikwambie habari ya chakula. Ulikuwa umekaa kwenye kizingiti cha jiko, unamchezesha Sleyum, miye nakata nyama. Kisu cha Mama uliona kiko hapo, kinang'aa, kimelowa. Niliona ulivyokiona. Ulianza kuzungumza habari za barabara mpya, ukasita katikati, ukaendelea na kitu chengine.

Wali ulipoletwa Mama alikuchagulia nyama ya paja kwa mkono wake. Ulimega tonge, ukalileta mpaka mdomoni, ukalirudisha. Ukamega jengine, la wali mtupu, nalo ukalirudisha kwa kuwa mchuzi umeligusa. Ukasema tumbo. Mama akacheka, akampiga Zuhair begani, "Jamani leo Bi Kinyaa ni Khalaf." Wote wakacheka, hata Amur. Wewe jasho lilikutoka kwenye paji la uso, na hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Ukainuka ukachukua funguo.

Kaka, kisu kile nakisugua kwa siri tangu Mfunguo Tatu, na asubuhi ile nilikisugua kwa udongo na maji mpaka vidole vikachubuka. Kisha nikakiosha tena, na tena, kama ulivyoagiza Mei. Kwa hukumu ya mwalimu wako kilikuwa safi kuliko kijiko chochote cha nyumba hii. Na nyama ile sikuikata kwa hicho. Niliikata kwa Kijapani chako, kipya, ulichokifungua mbele yangu. Kijerumani nilikiweka tu kando ya ubao.

Ulikiona tu, ukashindwa kumeza. Sie tulimeza miezi minne, na Fawziya na wenzake wakatulisha na sie, wakawalisha na watoto wao, na hakuna aliyepewa nafasi ya kuona. Sasa ladha yake unayo kinywani. Usiniambie tena nisiwe Bi Kinyaa.

Ijumaa inayokuja njoo tena, au ile ya baada yake. Sitakuacha uende peke yako. Nitamfunga Sleyum mgongoni, tutakwenda mlango kwa mlango, wewe utasema na miye nitasimama pembeni yako. Wakikufokea watanifokea na miye, maana jina lilikuwa langu. Na ukiona huwezi, nijulishe, nitakwenda peke yangu. Lakini wiki tatu hazitapita watakuwa wamejua. Na Mama ndiye wa kwanza.

Usile njiani vitu vya mikahawa. Kweli umekonda.

Mdogo wako,
Radhia

Sur, 27 Novemba 1983

Radhia,

Nakuja Ijumaa. Tuanzie kwa Mama. Chakula changu kifunike, nitakula tukirudi.

Khalaf